Ujira wa Mama Anayerejea Kazini: Kumbukumbu kutoka Daftari la Mishahara

Pengo la ujira kati ya wanawake na wanaume ni tofauti inayoonekana pale mapato ya wanawake wote walioajiriwa yanapolinganishwa na mapato ya wanaume wote walioajiriwa, nalo halilingani na kosa la kumlipa mwanamke kiasi kidogo kuliko mwanamume anayefanya kazi ileile, ingawa mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara. Kosa hilo la pili limekatazwa waziwazi. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1951, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unadai malipo sawa kwa kazi zenye thamani sawa, yaani kazi ambazo, hata kama majina yake yanatofautiana, zinahitaji ujuzi, juhudi na dhamana za uzito mmoja. Na kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka kila mwajiri achukue hatua za kuhakikisha usawa huo. Hata hivyo pengo lenyewe huendelea kuwapo katika ofisi ambazo hakuna mtu angethubutu kuandika mishahara miwili kwa cheo kimoja, na sehemu yake kubwa huanzia pale mwanamke anapopata mtoto wa kwanza.

Claudia Goldin, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Harvard aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alifuatilia kumbukumbu za ajira za wanawake wa Marekani katika kipindi cha takribani miaka 200, akaonyesha kwamba siku hizi sehemu kubwa ya tofauti ya mapato iko kati ya wanawake na wanaume wa taaluma moja, na kwamba tofauti hiyo hupanuka zaidi baada ya uzazi wa kwanza. Henrik Kleven, Camille Landais na Jakob Søgaard, walipochunguza takwimu za Denmark, nchi inayosifika kwa likizo ndefu za wazazi na vituo vya watoto vinavyosaidiwa na serikali, walikuta mapato ya akina mama yakishuka ghafla baada ya mtoto wa kwanza na kubaki chini ya yale ya akina baba kwa takribani asilimia 20 hata baada ya miaka mingi, ilhali mapato ya akina baba hayakutikisika. Wanauchumi huliita anguko hilo adhabu ya uzazi, kwa maana ya hasara ya kipato anayobeba mzazi mmoja tu kwa sababu ya mtoto ambaye ni wa wote wawili.

Ushahidi huo hauwezi kuhamishiwa Tanzania kama ulivyo, kwa kuwa nchi hizo zina historia, kodi na familia za namna nyingine. Lakini swali unaloliibua, yaani ni kwa njia gani hasa uzazi hugeuka kuwa upungufu wa fedha katika hati ya mshahara, linaweza kujibiwa na yeyote aliyewahi kuandaa mishahara ya watu wengi kwa muda mrefu. Mwandishi wa makala haya alikuwa mhasibu wa mishahara katika taasisi moja ya Dar es Salaam kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati mishahara ilipokuwa ikihamishwa kutoka madaftari makubwa ya karatasi kwenda kwenye kompyuta, na katika kipindi hicho yeye mwenyewe alikwenda likizo ya uzazi na kurudi mezani pake. Yanayoelezwa hapa yanatokana na kukaa pande zote mbili, upande wa kuhesabu fedha za wenzake na upande wa kuhesabiwa zake.

Daftari la mishahara ni orodha ya kila mwezi inayoonyesha, kwa kila mfanyakazi, mshahara wa msingi katika safu ya kwanza, kisha posho za aina mbalimbali, kisha makato ya kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii, chama cha wafanyakazi na mkopo wa chama cha akiba na mikopo (SACCOS), na mwisho kabisa kiasi kinachobaki mkononi. Safu ya kwanza katika taasisi ile ilikuwa safi. Mwanamke na mwanamume walioajiriwa siku moja kwa cheo kimoja walianza na kiasi kilekile, na mkaguzi ambaye angekuja na sheria mkononi akaishia kwenye safu hiyo angeondoka ameridhika. Tofauti ilijificha katika safu zilizofuata, ambazo kwa wafanyakazi wa ngazi ya kati zilikuwa ndizo zinazolipa ada za shule na kujenga nyumba. Mfanyakazi wa Tanzania anajua vizuri kwamba mshahara wa msingi humfikisha katikati ya mwezi, na kinachomvusha hadi mwisho ni posho.

Posho ya kukaimu, ambayo ni malipo anayopewa mtu anayeshika kwa muda nafasi ya mkubwa wake aliyesafiri au aliyehamishwa, ilikuwa ikienda kwa yule anayeweza kubaki ofisini hadi usiku. Posho ya safari, inayolipwa kwa kila siku mfanyakazi anapokuwa nje ya kituo chake cha kazi, ilikuwa ikienda kwa yule aliyepangiwa kwenda Dodoma, Mwanza au Mbeya. Malipo ya saa za ziada, ambayo kwa mujibu wa sheria hayapaswi kupungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida wa saa, yalikwenda kwa yule aliyebaki baada ya saa kumi na moja jioni. Mama aliyerejea kutoka likizo ya uzazi aliondolewa katika orodha hizo zote tatu, na mara nyingi aliondolewa kwa huruma. Katika kikao kimoja cha kupanga safari ya ukaguzi wa matawi ya mikoani, jina la mhasibu mmoja aliyekuwa amerejea wiki chache kabla lilikatwa kwa kalamu na mkuu wa idara, akasema, "Mwacheni kwanza alee." Wote waliokuwa pale waliitikia kwa kichwa, kwa kuwa maneno hayo yalikuwa ya upole na yalisemwa na mtu aliyewatakia wafanyakazi wake mema. Hakuna aliyekumbuka kumuuliza mwenyewe, ambaye mama yake mzazi alikuwa tayari ameshafika kutoka Moshi kukaa na mjukuu, na ambaye alikuwa akiitegemea safari ile kulipia kodi ya nyumba ya miezi sita.

Huruma ya namna hiyo ina gharama inayoweza kuhesabiwa, na inafaa kuhesabiwa, kwa sababu anayeitoa halipi chochote na anayepewa hulipa kwa miaka mingi. Aliyekwenda safari ile alirudi na posho, lakini alirudi pia na ujuzi wa matawi, na mwaka uliofuata, nafasi ya mhasibu mwandamizi ilipotangazwa, sifa iliyotakiwa ilikuwa uzoefu wa kukagua matawi. Kamati ya usaili haikumbagua mtu. Ilisoma karatasi zilizokuwa mbele yake, na karatasi hizo zilikuwa zimekwisha kuandikwa mwaka mmoja nyuma, siku jina lilipokatwa.

Jambo zito kuliko posho lilikuwa nyongeza ya mwaka, yaani ongezeko la mshahara wa msingi linalotolewa baada ya tathmini ya utendaji. Taasisi ile ilifunga tathmini zake mwezi Juni, na fomu yake ilimtaka msimamizi aandike malengo yaliyofikiwa katika miezi 12. Mwanamke aliyekuwa likizo ya uzazi kuanzia Machi hadi mwisho wa Mei alikuwa na miezi tisa ya kazi ya kuonyesha, na kwa kawaida miezi ya mwisho kabla ya kujifungua ilikuwa imejaa safari za kliniki. Msimamizi aliyekosa la kuandika katika kisanduku cha robo ya mwisho aliandika kwamba mhusika hakuwapo, alama zikashuka kutoka daraja la nyongeza kamili hadi daraja la nusu au la kutopewa kabisa. Sheria inasema mama anaporejea aendelee na kazi kwa masharti yaleyale aliyokuwa nayo, na taasisi iliweza kusema kwa ukweli kwamba mshahara wake haukupunguzwa hata shilingi moja. Kilichofanyika ni kwamba wa wenzake ulipanda na wake ukabaki pale ulipokuwa.

Hesabu ya kukadiria inaweza kusaidia hapa. Wachukuliwe wafanyakazi wawili walioanza pamoja kwa mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, na nyongeza iwe asilimia 5 kila mwaka; yule aliyepata nyongeza zote kwa miaka 10 atakuwa amefika shilingi 977,337 kwa mwezi, na yule aliyekosa nyongeza mbili tu, moja kwa kila mtoto, atakuwa kwenye shilingi 886,473. Tofauti ni shilingi 90,864 kwa mwezi, ambayo ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na haitazibwa na nyongeza zitakazofuata, kwa kuwa kila asilimia 5 inayokuja inakokotolewa juu ya kiasi kidogo. Michango ya hifadhi ya jamii nayo, ambayo kwa mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) ni asilimia 20 ya mshahara, itakuwa imepungua kwa uwiano huohuo, hivyo mama huyo ataukuta upungufu wa likizo zake tena akiwa na miaka 60, katika pensheni, wakati watoto waliohusika wamekwisha kuwa watu wazima wenye familia zao. Mwandishi aliwahi kuandaa hesabu za mafao ya wastaafu wa aina hiyo, na ni vigumu kusahau mwanamke anayeuliza kwa nini kiinua mgongo chake ni kidogo kuliko cha mwenzake waliyeingia naye lango moja siku moja.

Sheria ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza zaidi ya miezi sita kazini likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na haki hiyo huja mara moja katika mzunguko wa likizo wa miezi 36. Siku 84 ni wiki 12, ambazo ni pungufu kwa wiki mbili kulinganisha na kiwango cha Mkataba Na. 183 wa ILO wa mwaka 2000. Upungufu huo huonekana mdogo hadi unapowekwa kando ya ushauri anaopewa kila mama kliniki, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita. Anayeanza likizo wiki mbili kabla ya kujifungua hurudi ofisini mtoto akiwa na wiki 10, na kuanzia hapo nchi inamtaka awe mahali pawili kwa wakati mmoja.

Daraja lililowekwa na sheria kati ya mahali hapo pawili ni saa mbili za kunyonyesha kila siku ya kazi. Katika mji kama Dar es Salaam, ambako mtu anayefanya kazi Posta huweza kuwa anaishi Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto, hakuna anayeweza kwenda nyumbani kunyonyesha na kurudi, kwa hiyo saa hizo huchukuliwa mwisho wa siku, mama akaondoka saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja. Haki hiyo ni njema na inapaswa kulindwa. Lakini vikao muhimu vya taasisi ile vilikuwa vikianza saa tisa na nusu. Wakati wa mchana matiti yalipojaa, akina mama walikwenda kukamua maziwa katika stoo ya majalada ya zamani, mmoja akishikilia mlango usio na kitasa huku mwenzake akikamua, na chupa zikafichwa ndani ya mfuko mweusi nyuma ya soda kwenye jokofu la ofisi ili zisizue maneno. Wengine waliona aibu wakaacha, blauzi zikalowa, na kufikia mwezi wa nne mtoto akawa amehamia kwenye maziwa ya kopo, ambayo bei yake ilikula sehemu ya mshahara uleule uliokosa nyongeza. Chumba kimoja chenye kitasa, kiti, bomba la maji na jokofu dogo kingegharimu chini ya safari moja ya kiongozi ya siku tatu, na mwandishi anasema hivyo kwa kuwa hati za malipo ya safari hizo zilipitia mikononi mwake.

Swali la nani abebe mshahara wa siku zile 84 lina uzito wake, kwani waajiri huwa hawalisemi hadharani ila hulitumia wakati wa kuajiri. NSSF ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza michango inayotakiwa, lakini katika taasisi ile mzigo uliendelea kuonekana kama wa mwajiri, na katika vikao vya ajira msichana wa miaka 27 aliyeolewa karibuni alitazamwa kama gharama inayokaribia. Rwanda ilichukua njia nyingine: kwa sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mfuko wa pamoja ambamo mwajiri na mfanyakazi, awe mwanamume au mwanamke, huchangia kila mmoja asilimia 0.3 ya mshahara, na mfuko huo, unaosimamiwa na Bodi ya Hifadhi ya Jamii ya nchi hiyo, hubeba sehemu ya likizo inayobaki baada ya mwajiri kulipa wiki sita za mwanzo. Ubora wa mpango huo ni kwamba mwajiri mwenye wafanyakazi wanaume pekee huchangia sawasawa na mwenye wanawake wengi, hivyo haokoi kitu kwa kuwakwepa wanawake. Tanzania, ambayo tayari ina mifuko ya hifadhi ya jamii yenye mizizi, inaweza kufika hapo bila kuanza upya.

Baba amepewa na sheria siku tatu, ambazo anatakiwa kuzichukua ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Siku tatu zinatosha kumtoa mama hospitali na kununua mahitaji ya mwanzo. Hazitoshi kumfanya baba awe mlezi, na maadamu ofisi inajua kwamba baba atarudi Jumatatu, itaendelea kuamini kwamba mtoto ni jambo linalowahusu wafanyakazi wanawake tu.

Kuna mtu mwingine ambaye hesabu hii yote inamwegemea na ambaye hatajwi katika daftari lolote, naye ni dada wa kazi. Mama wa mjini hurejea ofisini kwa sababu binti mwingine, mara nyingi aliyeletwa kutoka Iringa, Singida au Dodoma, anabaki na mtoto kuanzia alfajiri hadi magharibi. Amri ya Mishahara ya mwaka 2022 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wake, na wako wengi wasiofikishiwa hata hicho. Yeye akipata ujauzito, mara nyingi hupewa nauli ya basi na kurudishwa kwao, ingawa sheria inayompa mwajiri wake siku 84 inamhusu na yeye pia. Mwanamke anayedai haki yake ya uzazi ofisini huku akimnyima binti huyo haki ileile anadhoofisha hoja yake mwenyewe. Na inabidi isemwe pia kwamba mishahara ya akina mama wengi wa ofisini ni midogo kiasi kwamba hawawezi kulipa vizuri zaidi, jambo linalorudisha lawama kwa waliopanga mishahara na kwa serikali ambazo hazijajenga vituo vya kulelea watoto karibu na sehemu za kazi. Mama lishe na muuza genge, kama walivyo wanawake wengine wengi nchini, hawana daftari la mishahara hata la kuwapunja, na hali yao inastahili makala yake yenyewe.

Lililobadilisha mambo katika taasisi ile lilikuwa aya moja katika mkataba wa hali bora, ambao ni makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri na chama cha wafanyakazi kuhusu ujira na masharti ya kazi. Wajumbe wa tawi, baada ya kuonyeshwa orodha ya nyongeza zilizokosekana kwa miaka kadhaa, ikiwa na vyeo na tarehe za likizo bila majina, walidai kwamba mfanyakazi aliyekuwa likizo ya uzazi apewe alama za wastani wa tathmini zake mbili zilizotangulia, na kwamba orodha za kukaimu na za safari ziandikwe kwa zamu, asiondolewe mtu ila kwa ombi lake la maandishi. Menejimenti ilipinga kwa muda, ikidai kuwa jambo hilo litaleta gharama. Ilipofanyiwa hesabu, ikaona kwamba ni kiasi kidogo katika bajeti nzima ya mishahara, na ikasaini. Tangu hapo nyongeza zilizokosekana kwa sababu ya likizo ziliacha kuonekana katika daftari, ingawa zilizokosekana zamani hazikurudishwa.

Mwanamke anayejiandaa kwenda likizo ya uzazi anashauriwa, kwa hiyo, asiishie kupeleka taarifa na cheti cha daktari, ambavyo sheria inataka vifike kwa mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, bali aombe pia barua inayotaja cheo atakachorudia, mshahara wake na namna tathmini ya mwaka huo itakavyofanywa, na nakala aiweke nyumbani. Akirejea, alinganishe hati zake za mshahara za kabla na za baada, safu kwa safu. Akikuta ameachishwa kazi kwa sababu ya ujauzito, malalamiko yanatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Na kwa mgogoro mwingine wowote wa kazi, ukiwamo wa ubaguzi katika malipo, muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.